Kompyuta ya Chama Ilivyotoka Getini

Leo nimejichoresha, na sina wa kumlaumu.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye ofisi ya chama chetu cha wakulima, hapa Ilembo. Nilifunga kamera mwenyewe. Utaratibu niliuweka mwenyewe: kifaa hakitoki getini bila karatasi yenye sahihi yangu. Mlinzi wetu, Baba Nestori, nilimrudia maelekezo hayo mara tatu kama mtoto wa chekechea (ananizidi miaka thelathini, Mungu anisamehe).

Saa nne asubuhi natoka kunywa chai. Namkuta mgeni getini, shati limenyooka, amekumbatia kompyuta ya kaunta, jasho linamtoka. Baba Nestori amemzuia.

"Karatasi iko wapi?"

Mgeni akanigeukia. "Shikamoo, bosi. Naipeleka kwa fundi, inazimazima."

(Bosi. Hapo ndipo nilipokwisha.)

Kwetu mtu mwenye mzigo unampokea kwanza, maswali baadaye. Nikampokea. Nikamgeukia mlinzi, watu wakisikia: "Mzee, mgeni anaelemewa na wewe unadai karatasi? Nyie walinzi mna roho ngumu."

Alifungua geti.

Nikaibeba mpaka kwenye bodaboda. Nikaifunga kwa mpira, maana yeye alikuwa anaifunga vibaya. Alikuwa amesahau waya wa umeme. (Ndiyo, nilirudi ndani kumchukulia.)

Saa sita Editha wa kaunta akarudi kutoka zahanati. "Kaka, kompyuta yangu umeipeleka wapi?"

Humo ndimo yalimokuwa majina ya wanachama wote wa vijiji vya Litapunga na Kasekese wanaosubiri mbolea. Nakala nilipanga kuitoa Ijumaa.

Tukafungua kamera, ofisi nzima imesimama nyuma yangu. Mwizi anaonekana mgongo. Mimi naonekana mpaka meno, nacheka, nampungia mkono.

Meneja akauliza nani aliruhusu. Baba Nestori alikuwa na kila sababu ya kunimaliza. Alinitazama tu, akasema polepole, "Mimi niliuliza karatasi, mwanangu."

Nimemwomba radhi mbele ya wote. Amesema yameisha. Mimi bado yananiuma, maana nilimdhalilisha mtu mzima kwa kufanya kazi niliyomfundisha.

Polisi wana taarifa. Kesho naanza Litapunga na daftari, kijiji kwa kijiji, kuandika majina upya kwa mkono. Ndugu zangu wa huko, nikifika nipeni majina tu. Wa kucheka, ngojeni kwanza nigeuze pikipiki.