Kozi wa Mnarani na Kengele ya Harusi ya Binti Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Jengo la Kanisa.

Ndugu Mwenyekiti,

Poleni na kazi nzito ya kulinda ndege. Mimi ndiye dobi mwenye kibanda chini ya mnara wenu, na ni baba wa bibi harusi wa Jumamosi ijayo. Nimesoma tangazo lenu mlangoni kwamba kengele haitagongwa mpaka makinda ya kozi, hao ndege wa jamii ya mwewe waliojenga kiota mnarani, wajue kuruka. Kwa heshima zote, ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Binti yangu alipoomba kufunga ndoa hapo, mlidai cheti cha ubatizo, picha, barua ya wazazi na mafunzo ya ndoa. Akatimiza vyote. Kozi walihamia bila hata kupiga hodi, wanaishi pamoja, wamezaa, na hakuna mzee wa kanisa aliyewauliza wamefungishwa ndoa na nani.

2. Mnasema mnara ni wa kihistoria. Fundi rangi alipouegemezea ngazi, mlimfukuza kwa kuharibu historia. Kozi wanainyea historia hiyohiyo kila asubuhi, nanyi mnawaita wageni waje na darubini.

3. Kozi hula njiwa, na mabaki huyaleta kwangu. Juzi bawa lilitua kwenye shati la mwalimu mkuu, kola ikiwa imeshapigwa pasi. Akaniuliza mbele ya wateja, "Dobi, siku hizi unafua na kuchinja?" Walicheka wote. Mimi nilifua upya.

4. Nilimsihi mgonga kengele agonge japo kidogo. Akanijibu, "Mzee wangu, kengele haina kidogo." Binti naye ananiambia, "Baba, naolewa na mwanamume, siolewi na kengele." Hajui kwamba marehemu mama yake, kila kengele ya harusi ilipolia, alikuwa akiinua mikono kutoka kwenye beseni na kusema, "Na ya mwanangu italia."

5. Kwa hiyo naomba haki sawa. Ama kozi wahame kabla ya Jumamosi, ama familia yangu ihamie mnarani kwa masharti yaleyale. Tuko tayari kutolipa kodi, kutupa mifupa barabarani na kumkodolea macho kila apitaye. Kama kuna sifa nyingine inayotakiwa, tujulisheni, tutajifunza.

Nisalimie wazee wa kanisa, kwaya yote na mama mchungaji. Kozi wasalimie mwenyewe, sisi hatuongei.

Wako ninayesubiri kengele,
Dobi wa chini ya mnara

N.B. Kabla sijafunga bahasha, kinda mmoja ameanguka kwenye kapu langu la mashuka. Hajaumia, ila ana hasira kama shangazi aliyesahauliwa kwenye kadi za mwaliko. Amekula maini yangu ya jioni na kuninyea mashuka matatu. Daktari wa mifugo amesema arudishwe kiotani leo, na pasiwe na kelele, wazazi wake wasije wakamkimbia. Basi naomba harusi iahirishwe mpaka aruke. Binti amekubali, bwana harusi ataambiwa. Marehemu mke wangu hakuwahi kumruhusu mtu amwamshe mtoto wake, hata mchungaji. Na huyo mgonga kengele akigusa kamba kabla ya siku hiyo, atanikuta nimeikalia.