Tangulia, Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimejiandikisha. Mbio za mji, kilomita kumi, Jumapili hii. Magoti hayakushauriwa.

Sababu ni hii. Mke wa mwanangu yuko katika mwezi wake wa mwisho, na hospitalini wamewaambia ni mtoto wa kiume. Jana, mezani kwetu, likazuka suala la jina. Mimi nilikohoa. Mkwe wangu, baba wa binti huyo, naye akakohoa. Ni fundi saa, mtu mwembamba asiyetokwa na jasho hata akila pilipili. Tulikohoa kwa zamu mpaka mwanangu akaweka kijiko chini. Yeye ni fundi umeme na hupenda njia fupi. Akasema kwamba kwa kuwa babu wote wawili hujisifu kuwa wanakimbia kila asubuhi, basi na wakimbie. Atakayetangulia kuvuka mstari, mtoto ataitwa kwa jina lake.

Watu wote walicheka. Mimi na mkwe hatukucheka. Tuliambiana "Hewala, mkwe," na kila mmoja akamsogezea mwenzake jagi la maji.

Kabla ya kustaafu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Vitabu vile vimejaa majina: ya waandishi, ya wahariri, hata ya aliyechora jalada. Langu halimo popote. Msahihishaji akifanya kazi yake vizuri haonekani. Sasa nataka kuonekana mahali pamoja tu. Darasani, asubuhi, mwalimu anasoma mahudhurio, anafika kwenye jina langu, na sauti ndogo inaitika, "Nipo."

Mke wangu amesema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Yeye na mke wa fundi saa wamejiandikisha pia, lakini kwa kutembea tu. Wanataka nafasi ya kuzungumza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mazoezi. Nimetoka alfajiri, ukungu mzito. Taa za barabarani zilielea bila nguzo. Hatua zangu sikuzisikia. Ndani ya ukungu kila mtu ana kasi, kwa maana hakuna wa kulinganishwa naye.

Nikaanza kumwona mjukuu. Anaitwa kutoka dirishani, anaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, na kila anapoitwa yeye naitwa na mimi. Nikaitika kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka akanitazama kwa huruma. "Hakuna aliyekuita, baba."

Ukungu ulipoondoka nilijikuta mbele ya karakana ya magurudumu, mwisho kabisa wa mji, mahali nisipopajua. Miguu ikagoma. Dereva wa lori la magodoro akaniambia nipande juu ya mzigo. Nikapanda, nikalala chali. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile. Mawingu juu, sponji chini, na mji mzima ukipita bila kunigusa. Nilikuwa karibu kabisa na mstari wa mwisho, nausikia umati, ndipo lori likapunguza mwendo na sauti ya adabu ikaniamkia kutoka chini.

Fundi saa. Alikuwa akikimbia kando ya lori, jasho hana. Akauliza habari za asubuhi. Akauliza hali ya mama watoto. Akauliza kama huko juu ni salama. Nikajibu kwamba ni salama, ninayakagua magodoro kwa niaba ya rafiki. Akasema, "Kazi njema, mkwe," kisha akalipita lori.

Akalipita lori.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda kuchukua namba na fulana. Juu ya mlango wa ukumbi wametundika bango: TUKIMBIE AFYA.

Nilisimama. Kukimbia kitu ni kukihepa. Mtu hukimbia mvua, hukimbia nyuki. Afya hukimbiliwa. Herufi mbili tu zimekosekana, na mji mzima umealikwa kuihepa afya yake.

Nikamweleza msichana wa mezani. Nikaianza kauli ya kutendea tangu mwanzo, kwa mifano. Foleni nyuma yangu ikaguna. Mtu mmoja akasema, "Babu, tupishe na sisi tuikimbie." Msichana, kwa upole wa muuguzi, akasema kwamba watu wameelewa. Nikamwambia hiyo si hoja. Watu huelewa hata kilio, na kilio hakina sarufi.

Nilipomaliza, fulana za kimo changu zilikuwa zimekwisha. Nimepewa iliyobaki. Inanifika magotini, na upana wake unatosha kulaza familia yenye wageni. Mke wangu ameniuliza pazia hilo ni la dirisha gani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeamka na hila. Imenijia usingizini, ikiwa imekwisha kusahihishwa.

Fundi saa ana kasi, sibishi. Lakini adabu yake ni kubwa kuliko kasi yake. Jumanne alilipita lori. Mimi hakunipita, mimi nilikuwa mzigo. Hajawahi kunitangulia mlangoni, wala kwenye sahani, wala katika mazungumzo. Ukwe ni ukwe. Kwa hiyo nitaondoka mapema, nitashika katikati ya barabara kwa fulana yangu pana, na kila nitakaposikia hatua zake nitageuka na kumwamkia. Si salamu ya njiani. Salamu kamili. Habari za nyumbani. Habari za mgongo wa mama yake. Habari za shemeji yake aliyevunjika mkono. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri awezaye kuitikia habari za mgonjwa huku akimpa mkwewe kisogo.

Nimewakumbuka jamaa zake wote wanaougua. Wanatosha kilomita kumi.

Nimeijaribu hila kwa jirani, mwanamume mwenye haraka siku zote. Nimemshika langoni na kumuuliza habari za ukoo wake, mmoja baada ya mwingine. Amekosa basi. Amesema, "Mzee, wewe una nini leo?" Nina ushindi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala, miguu juu ya mto.

Filimbi ilipolia umati ulinibeba. Kwa muda sikujua miguu iliyokuwa ikikimbia ilikuwa ya nani. Jua lilikuwa changa, madirisha yaling'aa upande mmoja tu wa barabara, na watu waliosimama vibarazani walipiga makofi polepole, kama wanaota wao na sisi ndio ndoto yenyewe. Nilikuwa mbele. Mbele ya wengi siwezi kusema, lakini mbele ya fundi saa.

Karibu na meza ya kwanza ya maji nikazisikia hatua zake, zikifuatana sawasawa kama kawaida ya kazi yake. Nikageuka. Nikaanza na mgongo wa mama yake. Akapunguza mwendo papo hapo. Akajibu kwa kirefu: mgongo unaendelea vizuri, wamembadilishia dawa. Nikauliza dawa gani. Sasa tulikuwa tunatembea. Nikaingiwa na furaha ile ya mtu anayejua kwamba anaota na haombi kuamshwa.

Fundi saa alishukuru sana kwa kujuliwa hali. Kisha akarudisha. Habari za magoti yangu. Habari za dada yangu. Habari za binamu yangu aliyehama zamani, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau. Nikasimama ili nimkumbuke. Naye akasimama kunisubiri. Ndipo nilipotambua: hakuwa ameyawaza maswali hayo pale. Alikuwa amejiandaa tangu nyumbani.

Alitupita baba aliyekuwa akisukuma mtoto kwenye kigari. Walitupita watu wa benki, wakiimba. Alitupita mtu wa magongo, akatuombea nguvu.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Barabara ilikuwa tupu na nyeupe. Tulitembea bega kwa bega, tukiulizana habari za watu, na mara nyingine sikujua kama nauliza kwa hila au nauliza tu. Akaniambia kwamba dukani kwake kila saa ina jina la kiwanda, lakini hakuna hata moja yenye jina la yule aliyeifanya itembee tena. Niliogopa kumwelewa.

Mstari ukaonekana. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni, simu mkononi. Hatua chache tu! Nikakusudia kuchomoka. Miguu ilikubali, mkono ndio ulionisaliti. Ulinyooka wenyewe kumwonyesha njia, na mdomo ukasema, "Tangulia, mkwe."

Akasema haiwezekani, mimi ndiye mkubwa. Nikasema yeye ndiye aliyetoa binti, heshima ni yake. Akasema nyumba ya mume hutangulizwa. Nikamwomba asiniaibishe mbele za watu. Akasema bora avunjike mguu. Mwanangu akapaza sauti: "Wazee wangu, mmoja tu apite, mmoja tu!" Hakuna aliyepita. Tuliinamiana. Nakiri kwamba niliona kisigino chake kikijiinua kidogo. Nami changu kilikuwa kimejiinua tangu zamani.

Ndipo wake zetu wakafika, wameshikana mikono, wakizungumza habari za vitambaa. Wakasema, "Hodi, wazee." Wakapita katikati yetu. Wakavuka mstari. Mazungumzo yenyewe hawakuyakatiza.

Mwanangu akatangaza kwamba sheria ni sheria: wametangulia bibi, bibi ndio watakaotoa jina. Nikapinga. Sheria ilisema "atakayetangulia", nafsi ya tatu umoja. Waliovuka ni wawili. Mwanangu akanishika bega.

"Baba," akasema, "watu wameelewa."

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mtoto amezaliwa jana. Mama yake hajambo. Nimempakata hospitalini, karibu na dirisha. Uzito wake ni wa kitabu kipya ambacho hakijafunguliwa. Ana vidole virefu, vya kusahihishia. Fundi saa amesema ni vya kushikia koleo ndogo. Tumevitazama vidole hivyo kwa muda mrefu bila kubishana zaidi.

Kisha bibi wakalitaja jina. Fupi, jepesi mdomoni. Nimelitafutia kosa, sikuliona. Si langu. Si la fundi saa. Nikauliza ni la nani katika ukoo.

Mke wangu akasema, "La mtoto."

Mke wa fundi saa akaitikia kwa kichwa na kuendelea kukunja nepi. Mimi na mkwe tukatazamana. Kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya kuniuliza.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Nimetafakari siku tatu na nimepata hekima. Mbio zile zilikuwa na kasoro moja tu: zilikimbiwa kwa miguu miwili.

Mtoto hataanza kwa kukimbia. Ataanza kwa kutambaa. Siku hiyo babu wawili watakuwa sakafuni, mmoja kila upande, na mtoto atamfuata yule anayetambaa vizuri. Babu anayefuatwa hana haja ya jina. Fundi saa ana mapafu, lakini nilimwangalia hospitalini alipookota kofia yake. Magoti yanalia. Huko chini simwogopi.

Leo nimetambaa kutoka sebuleni hadi jikoni. Zulia linaunguza viganja. Chini ya meza kuna mwanga wa kahawia, tulivu sana, ambao miaka yote hii sikujua kwamba upo. Nikapumzika humo kidogo, nikamwona mjukuu akinijia, amepita miguu yote ya viti, amempita na mtu mwingine pia. Nilipozinduka mke wangu alikuwa akiniruka, sufuria mkononi.

Jioni amezungumza na mke wa fundi saa kwa simu. Kwao nako mambo si shwari. Mumewe amekunja zulia, yuko sakafuni tangu asubuhi, na anadai anatafuta skrubu ya saa.

Skrubu! Nimekunja na zulia letu. Kesho naanza alfajiri.