Siku Saba za Mtaalamu wa Ngozi Changa

Kinanda aliingia duka la dawa kufuata upepo wa feni tu, maana mfukoni hakuwa hata na pesa ya plasta. Riziki aliikuta imesimama kaunta, imevaa miwani ya mnyororo, inagomba.

"Mwanangu," riziki ilikuwa inamwambia mfamasia, "mimi nimekuja kununua dawa. Wewe unanipa kazi!"

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo Bibi Ghorofa, kwa kuwa jengo la ghorofa tatu lililotazamana na duka lile lilikuwa lake, kuanzia msingi hadi matangi ya maji. Mjukuu wake wa miezi miwili alikuwa ametokwa na vipele mapajani na wekundu kwenye mikunjo ya shingo. Mfamasia, kijana mwaminifu kupita kiasi kwa mtu anayefanya biashara, alikuwa amekataa kumuuzia chupa yoyote.

"Bibi, ngozi ya mtoto haitaki mengi. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue. Nepi ikilowa, itoe hapo hapo. Kila siku mwache matako wazi kidogo, apigwe na hewa. Asipopata nafuu, mpelekeni hospitali."

"Matako wazi," alirudia Bibi Ghorofa kama mtu aliyesomewa hukumu. "Na hayo ndiyo uliyokaa miaka yote darasani kusomea?"

Akatoka bila kununua kitu. Kinanda naye akatoka. Katika miaka kumi na miwili ya kula kwa ulimi alikuwa ameona jambo moja: tajiri akipewa ushauri wa bure huona ametukanwa. Huyu alikuwa anaililia chupa ya bei mbaya, na ingekuwa dhambi kumwacha aendelee kulia.

Watu walimpa jina la Kinanda kwa sababu sauti yake ilijua kupanda na kushuka mpaka mtu akajikuta anafungua pochi. Lakini siku hizo muziki ulikuwa umekorofika. Sehemu tatu za mji hakuweza kukanyaga, kwani huko kulikuwa na wanaume wenye vipara aliowauzia dawa ya kuotesha nywele, na vipara vyao vilikuwa bado vinang'aa kwa hasira. Ulibaki mtaa huu mmoja. Hapa akishindwa, angerudi kubeba mizigo stendi, kazi aliyoapa mbele ya rafiki zake wote kwamba hataigusa tena. Kwa hiyo akauza simu yake, akauza na viatu vyake vyenye ncha, akanunua koti jeupe, beseni, pamba, taulo mbili na sabuni nzuri. Chupa saba za kioo zenye vifuniko vya dhahabu akazijaza mafuta aliyoyapata kwa mkaanga samaki, mafuta yaliyokwisha kuona samaki wa vizazi vitatu. Akayachuja kwa soksi, akayatia manukato makali mpaka yeye mwenyewe akapiga chafya.

Kesho yake asubuhi alikuwa sebuleni kwa Bibi Ghorofa, amevaa ndala, amesimama kama balozi.

"Ngozi changa ni amana, Mama, haitaki mzaha wala papara. Mafuta haya yakipakwa, upele hubeba virago ukahama!"

"Loo!" alisema Bibi Ghorofa. "Mpaka na vina!"

"Ila hatuyapaki leo. Siku sita ni za kuiandaa ngozi. Siku ya saba ndipo mafuta, na ndipo malipo."

Mwenzangu, usidharau hizo siku sita. Kibaka hunyakua akakimbia. Tapeli anayejiheshimu humlea mteja kwanza. Shida ni kwamba Kinanda hakujua lolote kuhusu watoto, isipokuwa yale aliyoyasikia dukani. Akayatumia hayo hayo, yote, kwa sauti ya madhabahuni.

"Vizuri sana," alisema Bibi Ghorofa, akajikita kwenye kochi. "Sasa tuonyeshe, daktari wangu. Mimi ni mzito wa kuelewa mambo ya kuambiwa. Mpaka nione."

Mama mtoto, ambaye alikuwa bado na mshono wa uzazi, akamkabidhi mtoto, yeye mwenyewe amejilaza kwenye kochi la pili. Nyumbani mtoto huyo aliitwa Bosi, na punde Kinanda akaelewa kwa nini. Alikuwa mzito, mwekundu, na hakuridhika na utumishi wa mtu yeyote.

Kinanda akachovya kidole kwenye beseni kupima joto la maji.

"Si kiwiko, daktari?" aliuliza Bibi Ghorofa kwa upole.

"Nilikuwa naelekea kwenye kiwiko, Mama."

Akamshika Bosi shingoni kwa mkono mmoja, mwingine umeshika pamba. Bosi akamtazama, akafikiri, kisha akamkojolea koti kuanzia kola hadi mfukoni.

"Ishara njema," alisema Kinanda akijifuta kidevu. "Sumu imeanza kutoka."

Siku ya pili alikuta rundo la nepi za kitambaa zikimngoja. Bibi Ghorofa alisema kwa huzuni kwamba hajui daktari anataka zisuuzwe vipi. Daktari akaonyesha. Akasuuza mpaka maji yakatoka meupe, akazianika juani moja moja, na wapangaji wakapita wakimwamkia, "Shikamoo daktari," naye akajibu huku mdomoni ameuma kibanio cha nguo. Siku ya tatu akakata kucha zake, zile ndefu alizozifuga za kuhesabia noti, kwa sababu moja ilimgusa Bosi paja na Bosi akapiga yowe lililomchoma mpaka kwenye ini. Akavua na pete.

Siku ya tano kikatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Shangazi wa mtoto alikuja kumtazama mtoto, amejipulizia marashi ya kutosha harusi mbili, akamuinamia Bosi ambusu shavuni.

"Rudi nyuma!" alifoka Kinanda. "Mdomo una rangi, shingo ina marashi, na unataka kumpaka nani? Nimehangaika na shavu hilo siku nne nzima!"

"Makubwa!" alisema shangazi. "Kwani amemzaa yeye?"

"Mwache kaka wa watu," mama mtoto alisema akicheka, mkono umeshika mshono. "Anapenda kazi yake."

Usiku ule Kinanda alijiambia kwamba amefoka kulinda biashara, na karibu aamini.

Siku ya saba, Bosi alikuwa kazi ya kuonyeshwa wageni. Shingo safi, mikunjo mikavu, mapaja hayana hata kipele kimoja cha ukumbusho. Kinanda aliyapapasa kwa mgongo wa kidole, kama fundi seremala anapopapasa meza aliyomaliza kuipiga msasa.

Bibi Ghorofa akaleta bunda la noti, akalitua mezani. Lilikuwa nene. Lilikuwa viatu vipya, simu mpya, na mtaa mwingine katika mji mwingine.

"Haya, daktari wangu. Paka mafuta, chukua chako."

Kinanda akafungua kifuniko cha dhahabu. Manukato yakaruka, na nyuma ya manukato, kwa mbali, akaja samaki. Bosi akakunja pua. Kisha akamtambua aliyeinama juu yake, akacheka. Kicheko kizima, fizi tupu.

"Paka basi," alisema Bibi Ghorofa.

Kinanda akatia tone kiganjani. Akalitazama tone, akalitazama paja. Siku saba za kiwiko, pamba, taulo na jua. Tone moja la mkaanga samaki na vipele vyote vingerudi.

"Leo hewa ina unyevu, Mama. Tupake kesho."

"Leo. Malipo ni ya leo."

"Nitapaka unyayo tu."

"Paka mapaja. Si ndipo palipokuwa na upele?"

Kinanda akaangalia bunda. Akaangalia paja. Mwishowe akajifuta kiganja kwenye koti na kufunga chupa kwa hasira, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeijaza.

"Hayapakwi!" alisema. "Hayafai! Ngozi hii ni kazi yangu mimi, siwezi kuimwagia uchafu!"

Bibi Ghorofa akalichukua lile bunda taratibu na kulirudisha kifuani.

"Nimelea watoto saba," alisema. "Ulipochovya kidole tu nilijua u mtaalamu wa nini."

"Sasa kwa nini uliniacha siku zote hizi?"

"Mgongo wangu hauinami. Mwanangu ana mshono. Msaidizi wetu amekwenda kuuguza mamake. Yule kijana wa dukani alinipa ushauri tele, kumbe mimi nilichokosa ni mgongo. Mara mgongo ukabisha hodi wenyewe, umevaa koti jeupe."

Mama mtoto alikuwa ameficha uso kwenye mto, mto unatikisika.

"Na kama ningepaka?"

"Ungekutana na fimbo yangu kabla tone halijafika. Lakini hukupaka." Akasimama kwa kushika kiti, akafungua mlango. "Sasa shuka ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Nimewaambia unaanza leo."

"Naanza nini?"

"Kazi. Ya mshahara. Malipo ya siku ya kwanza nimeshapokea mimi, ni ya kukutafutia."

Kinanda akabeba beseni lake. Ngazini aliitazama barabara iliyokuwa wazi mbele yake, na angeweza kuifuata. Akagonga mlango wa kijani.

Alifungua mwanamke mwenye nywele timutimu, kila bega lina mtoto anayelia. Kinanda akanyoosha koti, akakohoa, sauti ikaanza kupanda.

"Ngozi ya pacha, dada yangu, ni elimu ya peke yake kabisa, kwa maana—"

"Acha maneno," alisema mwanamke. "Shika huyu."