Kigari cha Mitchel na Betri ya Pili

Jumanne, 12 Agosti 2025
Siku ya ishirini na tatu bila mke. Obusuma, ugali wetu, nimeunguza tena.

Pascalia amepiga simu kutoka kwao Mayoni. Hakuuliza hali yangu. Alisema binti yetu Mitchel anabatizwa Jumapili hukohuko, na analilia kigari chake cha umeme, kile cha kukalia. Nikikileta, kikamzungusha mtoto uani bila vituko, atafunga mizigo turudi wote Chekalini. Kikileta vituko, nirudi peke yangu.

Kigari hakina betri. Ile yake ilikufa. Ya sola niliiua mimi nikikijaribu, Pascalia akachoka kukaa gizani, akaondoka. Zimebaki siku tano tu!

Alhamisi, 14 Agosti
Nimejishusha, nimekwenda kwa Sydney. Ameoa dada yake Pascalia. Fundi wa umeme, na maringo yake. Alinishauri ninunue betri moja mpya, volti kumi na mbili kama ya zamani, niichaji ijae, nipake giya grisi. Basi. Nisithubutu kuunga mbili: swichi itaungua na giya za plastiki zitasagika.

Nilimshukuru kwa adabu. Kigari cha mwanawe ndicho chenye mbio katika ukoo mzima, na anataka kibaki hivyo. Mimi si mtoto.

Nimenunua moja. Ya pili nimeitoa kwenye pikipiki ya jirani yangu Wangila. Ana malaria, haendi popote. Nitamwambia akipona.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeunga zote mbili. Nikakanyaga. Fyuzi pu! Ya pili pu! Ya tatu pu! Dukani zimeisha. Nimekunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikaichomeka mahali pa fyuzi. Haikatiki kamwe! Kigari kiliruka, kikalaza mistari miwili ya mahindi.

Swichi ya kanyagio inanuka moshi. Nimeipulizia marashi.

Moyo unanidunda. Ningependa kuandika ni furaha, lakini ni woga. Nyumba hii bila Pascalia kunigombeza haikaliki.

Jumapili, 17 Agosti
Nani kaniroga?

Ua wa wakwe ulijaa wageni. Mama mkwe alikuwa hemani, mimi upande wa pili, macho chini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Miaka sita ya ndoa sijawahi kumkosea.

Mitchel alikimbilia kigari. Pascalia akamdaka, akaniambia nitangulie mimi. Kilo themanini! Magoti yalinifika masikioni. Lakini mke alikuwa ananitazama, na Sydney pia. Nikakanyaga.

Kikaruka. Nikaondoa mguu. Hakikusimama! Swichi ilikuwa imeungua ikashikana, na pale ambapo fyuzi ingeniokoa palikuwa na karatasi ya sigara. Sydney alinipigia kelele niruke. Magoti yalikuwa yamenasa chini ya usukani. Ua wenyewe unateremka hadi hemani. Kuku walitawanyika. Mchungaji alitawanyika. Mama mkwe ana miguu mibovu.

Nilitua mapajani mwake.

Mitchel peke yake alipiga makofi, akataka nirudie. Pascalia alikuja akilia, akauliza mbele ya watu wote, "Kwani wewe huskiangi?"

Wazee wameamua: nilete kondoo Jumamosi, mkosi uoshwe. Kabla ya hapo nisikanyage pale. Nimerudi peke yangu, kigari mgongoni.

Jumatano, 20 Agosti
Pascalia amepiga simu! Sauti imelainika kidogo. Mama yake hakuumia, na jana alicheka peke yake jikoni. Kondoo akifika Jumamosi, salama na kwa heshima, yeye atarudi nami. Ni nafasi ya mwisho, amesema.

Kondoo nimempata. Mnono, mkaidi, hatembei hata ukimvuta. Na kutoka stendi ya Mayoni hadi kwa wakwe ni mwendo mrefu.

Nimempima kwenye kiti cha kigari. Anaenea! Nimefunga swichi mpya. Kosa la Jumapili pia nimelielewa: betri mbili zilizidiwa na uzito wangu, ndiyo maana swichi ikachoka. Sydney hawezi kuona jambo kama hilo.

Wangila amepona leo. Amekuta pikipiki haina betri, akamlaani mwizi, akanunua nyingine mpya. Nimeiona kupitia uzio. Volti kumi na mbili, safi kabisa.

Na zangu mbili, jumla thelathini na sita.