Viatu Vilivyofunga

Sefu alikuwa ameegemea nguzo karibu na Mnara wa Saa, hana anachongoja ila riziki ya mtu mwingine, alipomwona Mzungu mmoja akikosea hatua na kutumbukiza mguu kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mzungu akacheka, akakaa ukingoni, akavua kiatu. Soksi ilikuwa nyeupe na kavu kama imetoka kupigwa pasi.

Wapita njia waliona Mzungu aliyeteleza. Sefu aliona duka.

Vilikuwa viatu vya kijivu vyenye mstari mwekundu, vyepesi kama raba za kukimbilia, soli ina meno kama tairi la trekta. Sefu akamsaidia mgeni kusimama, akamsindikiza hadi hotelini, na njiani akamsimulia habari za marehemu baba yake, mpagazi aliyekufa kwa baridi juu ya Mlima Meru akiwa amevaa kandambili. Baba huyo, wakati anasimuliwa, alikuwa Terrat akipalilia maharage, mzima wa afya. Mgeni alipanda mlima wake, akashuka, na siku ya kuondoka Arusha aliondoka na machozi na ndala za hoteli.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Marobota ya mitumba yalifunguliwa kila asubuhi. Sefu akachagua raba zilizofanana umbo na vile viatu vyake, akazipaka rangi ya geti ya kijivu, akachora mstari mwekundu kwa unyoya wa kuku, akamalizia kwa kuzisugua mafuta ya kondoo. Alikuwa na mkono mwepesi. Angekuwa na subira angekuwa fundi, ila subira aliiacha yote kwa baba yake kule kwenye maharage.

Halafu akaenda Soko la Kilombero na beseni la maji.

Alivua kiatu kutoka mguuni mwake mwenyewe, akakijaza gazeti, akakididimiza ndani ya maji mpaka karibu na ukingo. Akapiga soga ndefu. Akakitoa, akachomoa gazeti, akaliwasha kwa njiti moja ya kiberiti. Likawaka.

"Kiatu hiki kimefunga," akatangaza. "Maji hakinywi. Jua lizame lisizame, hakifuturu."

"Kimefunga tangu lini?" akauliza mama mmoja muuza vitunguu.

"Tangu kiwandani, mama. Kina imani kuliko mimi."

"Hilo wala usihangaike kulithibitisha."

Watu walicheka na wakanunua. Waliuziwa raba za kwenye gunia, bila shaka. Vile viwili vya mguuni havikuuzwa kwa bei yoyote, maana ndivyo vilivyokuwa biashara yenyewe. Bila hivyo Sefu angekuwa kijana mwenye gunia la raba zinazonuka kondoo. Alilala navyo chini ya mto.

Miongoni mwa walionunua alikuwamo Lerionka, mpagazi mrefu, mpole, mwenye miguu ya namba nane kama Sefu. Alipanda navyo Meru mvua za masika zilipoanza. Kabla hajakifikia kibanda cha kwanza viatu vilikuwa vimefuturu, na kufika cha pili vimekula na daku. Rangi ya geti ilishika barabara. Ni maji tu ndiyo yaliyoingia. Habari zilizomfikia Sefu ni kwamba Lerionka ameshuka akichechemea, nyayo nyeupe kama za maiti, na anaulizia Sefu anakoishi. Sefu akagundua kwamba hana shughuli yoyote upande wa Elerai, wanakoishi wapagazi, kwa muda.

Kwa hiyo alishangaa alipoletewa ujumbe na Bi Mwanahalima, mama wa Elerai aliyewapikia wapagazi na kuwatafutia safari. Ujumbe ulisema: Lerionka kavipenda viatu, wenzake nao wanavitaka, lete gunia zima, na uje na njaa.

Sefu alilitazama gunia lake upya. Kwamba Lerionka amevipenda ilimgusa. Huenda yale mafuta ya kondoo yalikuwa na jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Akajipongeza, akalibeba gunia, akaenda, mvua inamnyeshea, miguu mikavu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu hapo barazani. Sakafu nimeipiga nta leo."

Sefu alisita. Sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa mpaka unaona meno yako. Barazani viatu vya wapagazi vilikuwa vimepangwa, na mtu mwenye adabu haingii na tope kwenye nyumba ya mama wa watu. Ndani, pilau ilikuwa inanukia. Akavua.

Alikula kama mtu aliyeandikiwa na daktari. Lerionka alikaa pembeni yake, akamsogezea kachumbari, wala hakutaja nyayo. Baadaye akainuka kwenda kunawa mikono, akakawia. Sefu hakujali, alikuwa anawaeleza wapagazi wengine namna barafu inavyodunda kwenye kiatu.

Waliposhiba wote wakatoka barazani kufungua gunia. Sefu akachomeka mguu kwenye viatu vya kijivu vyenye mstari mwekundu. Vikampokea kwa baridi. Pale chini, katikati ya dimbwi, alisimama Lerionka na viatu vya kijivu vyenye mstari mwekundu, ametulia kama ng'ombe mtoni.

"Ndugu yangu, umekosea viatu," Sefu akasema.

"Hivi vyangu. Nilivinunua kwako."

"Vyako ni hivi hapa."

"Umejuaje?" akauliza Bi Mwanahalima, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza.

Wapagazi wakageuka kumtazama, mikono mifukoni, kila mmoja ameshachagua jozi yake kwa macho.

"Kwani vina tofauti?" mama akaendelea.

Mdomo wa Sefu, uliokwisha kumuua baba yake na kumvua mgeni viatu, sasa ulianza kupiga hesabu. Akisema tofauti ipo, kwenye gunia kuna nini? Akisema haipo, analalamikia nini?

"Havina tofauti, mama."

"Basi roho yangu imetulia. Vijana hawa wanataka tu kumwona mwenye mali akitembea navyo. Zunguka uwanja kidogo. Mvua ikikatika, tunanunua."

Sefu akashuka uwanjani. Gunia zima bado lingeweza kuuzika. Lilikuwa jambo la kuzunguka tu. Dimbwi la kwanza likaingia kupitia vidoleni likatokea kisiginoni.

"Vipi, Sefu?" wakauliza kutoka barazani.

"Vikavu."

Gari la kwenda Momela, kwenye lango la mlima, likapiga honi. Lerionka akajitwika mzigo, akampungia mkono, akakata katikati ya tope kama anatembea zuliani. Sefu akaviangalia viatu vikipanda gari, vikipotea.

"Mtakie safari njema mwenzio," mama akamkumbusha.

"Safari njema."

"Na wewe endelea, mwanangu. Bado tunaangalia."

Sefu akatazama juu. Mlima wote ulikuwa umefunikwa, na wingu jingine zito lilikuwa linateremka kwa utulivu kuelekea Elerai. Akaanza mzunguko mwingine.

"Vipi huko?"

"Vikavu," akasema, na kila alipokanyaga viatu vikamkatalia: chwaa, chwaa, chwaa.