Mtaalamu wa Tovuti Kumi na Mbili

Bango lenyewe lilikuwa kipande cha boksi la friji, kimefungwa kwa waya kwenye geti: ANATAFUTWA MTAALAMU WA TOVUTI. MALIPO TASLIMU. Injinia alilipita hatua tatu, akasimama, akarudi kinyumenyume. Mtu anayetangaza kazi ya mtandaoni kwenye boksi la friji, akajisemea, huyo si mteja, huyo ni riziki iliyokufuata kwa miguu yake.

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote. Alijifunza kutengeneza tovuti kwa siku nne kwenye video za bure, siku ya tano akachoka, ya sita akajitangaza mtaalamu wa kujitegemea. Zamani fundi viatu alitoboa ngozi miaka mitatu kabla hajaaminiwa kiatu cha mtu. Hawa wa siku hizi wanaanza na kadi ya biashara.

Kazi yake ilikuwa nyepesi: anachukua nusu ya malipo, anasema mitambo inasetiwa, kisha anabadilisha namba ya simu. Vifaa vyake vilikuwa viwili. Cha kwanza ni ukurasa ulioitwa Kazi Zangu, wenye picha za tovuti kumi na mbili nzuri ajabu. Hata moja hakuitengeneza. Alizikusanya mtandaoni kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba ya jirani. Cha pili ni laptopu, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi, maana ilinunuliwa kwa cherehani ya mkewe. Mke alikubali cherehani iuzwe kwa sharti moja. "Siku utakayorudi bila hiyo kompyuta," alimwambia, "usigonge mlango. Pitiliza."

Ndani ya geti kulikuwa na chumba kilichojaa viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini. Mwenye navyo, Mama Viti, wa miaka hamsini hivi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, alikuwa akivikodisha kwa watu wenye shughuli.

"Karibu, mwanangu. Mimi mambo ya mtandao sijui hata mlango wake uko wapi."

"Ndiyo maana tupo, mama yangu."

"Sasa hiyo tovuti ikishakamilika nitaiweka wapi? Chumba cha nyuma kimejaa maturubai."

Injinia akauma ulimi asicheke. "Haichukui nafasi, mama. Inakaa hewani."

"Hewani! Na mvua je?"

"Tunaiwekea kinga ya mvua. Ila hiyo inalipiwa pembeni."

Mama Viti akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu asiyesoma. Injinia akafungua laptopu na kumwonyesha Kazi Zangu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayetambulisha watoto wake wa kuzaa. Walipofika ya saba, mama akavaa miwani.

"Hii ya chuo cha udereva nayo ni yako?"

"Hiyo naipenda kuliko zote. Miezi mitatu sikulala."

"Hukusaidiwa na mtu?"

"Mjini hapa nisaidiwe na nani, mama?"

"Makubwa!" Mama akapiga makofi. "Hicho chuo ni cha mdogo wangu! Yuko uani anaosha gari. Ila ni mbishi, haamini neno mpaka aone karatasi. Hebu niandikie hapo kwamba ni wewe."

Mtu mwenye akili timamu angekumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni. Injinia alichukua kalamu. Aliandika kwamba tovuti ya chuo hicho aliitengeneza yeye, peke yake, akaweka jina lake kamili, namba ya kitambulisho, na sahihi yenye mkia mrefu kama ya waziri.

Mdogo mtu akaingia, mikono ikichuruzika maji ya sabuni. Alikuwa na kifua cha kuziba mlango, na aliuziba. Akasoma karatasi mara mbili.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, bosi."

"Miaka miwili nakutafuta! Sura sikuijua, tuliongea kwa simu tu. Ulinila hela zote, tovuti ikaishi wiki mbili ikafa, na wewe ukafa nayo!"

Injinia akarudi nyuma mpaka akagota kwenye viti. Ametapeli wengi, hilo halina ubishi, lakini huyu hakuwa wake. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa na ukweli mdomoni, na hakujua ukweli unasemwaje.

"Bosi, subiri. Ile si kazi yangu. Nilichukua picha tu."

"Na hii sahihi?"

"Nilidanganya! Haki ya Mungu, mimi kutengeneza tovuti sijui!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Nipe hiyo kompyuta uone, siwezi kufanya lolote!"

Mwalimu wa udereva akamgeukia dada yake. "Dada, umesikia? Ndiye. Yule naye alikuwa hajui lolote."

Hapo Injinia akaona shimo alilojichimbia lilivyo na kina. Akisema anajua, ni mwizi. Akisema hajui, ni mwizi yuleyule.

"Twende polisi na karatasi yako," mwalimu akasema, "au uache laptopu, tusahau."

"Bosi, hii ni cherehani ya mke wangu!"

"Mimi naona laptopu."

Alilia, akamtaja mke, akamtaja mama mzazi, akapiga goti moja, kisha la pili. Mwishowe akaisukuma mezani na kutaja neno la siri, ambalo kwa aibu nawaachia mlikisie: ni jina lake na moja mpaka tano.

Alikuwa amefika getini aliposikia sauti ya mwalimu, "Wee! Na waya wa kuchajia!"

Akarudi nao. Mlangoni akakwama. Mama Viti alikuwa ameivua miwani, vidole vyake kumi vikikimbia juu ya laptopu bila yeye kuvitazama. Nyuma yake kabati liko wazi, na ndani mna laptopu nyingine tatu.

"Ya mwezi uliopita ilikuwa inachemka," alikuwa akimwambia mdogo wake. "Hii nitafanyia kazi za wateja." Akamwona Injinia. "Tovuti ya chuo niliitengeneza mimi, mwanangu. Haijawahi kufa hata siku moja. Nyie wezi wa picha mnaipenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua."

"Huu ni wizi!" Injinia akapayuka.

"Kashtaki. Karatasi yako ninayo, umeandika kazi yangu kuwa yako."

Injinia akamkabidhi waya kwa mikono miwili. "Mama, nihurumie. Nyumbani sina pa kurudi. Nifanye nini?"

Mama akalainika kidogo, au ndivyo Injinia alivyodhani.

"Jifunze kazi. Nafundisha kila Jumamosi asubuhi, bei si kubwa."

"Kweli, mama? Nitakuja!"

"Karibu sana," akasema, akirudi kwenye kazi yake. "Ila kila mwanafunzi anakuja na laptopu yake."