Mwenye Mbwa Abaki

Mcheza na mbwa haingii naye popote bila kibali. Wahenga walisema vingine kwa sababu hawakuwa na idara. Sisi tunayo, ina ghorofa mbili, na mimi ndiye karani wa dirisha la mbwa wanaokwenda likizo ng'ambo.

Idara inatangaza kwa fahari kwamba mwaka huu hakuna mbwa hata mmoja aliyezamia ughaibuni. Mafanikio haya yanatokana na Kanuni ya Saba, aliyoiandika Mkurugenzi kwa mkono wake: mbwa akionja raha za watu anaweza kugoma kurudi, kwa hiyo mwenye mbwa atabaki nchini kama dhamana, na pasipoti yake itafungiwa kabatini hadi mbwa arejee. Tangu hapo hakuna mbwa aliyeondoka. Huo ndio udhibiti.

Wapo wasioelewa maendeleo. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye macho yamemwishia na mbwa ndiye anayemwonyesha njia, aliomba kwenda kwa binti yake aliyejifungua ng'ambo.

"Mwanangu," aliniuliza, "nikibaki mimi, mbwa anakwenda kumlea nani?"

Nilipandisha swali ghorofani. Mkurugenzi alijibu bila kuinua kichwa: "Mwambie mjukuu atakua tu." Mwalimu akashika kamba, mbwa akamtoa nje. Nikagonga muhuri juu ya jalada: LIMESHUGHULIKIWA.

Jumatano iliyofuata Mkurugenzi mwenyewe alishuka hadi dirishani, kofia ya ufukweni kichwani, mkewe nyuma, na Jenerali, mbwa wao, amechanwa manyoya kuliko bwana harusi. Aliipita foleni nzima bila salamu.

"Binti, gonga haraka. Ndege saa kumi."

"Shikamoo, bosi. Pasipoti."

Alinipa. Nikaifungia kabatini.

"Unafanya nini?"

"Nakupokea kama dhamana, bosi."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Ndiyo. Mtunzi wa Kanuni ya Saba. Hongera, ni fupi na inaeleweka."

"Kanuni ile ni ya wananchi!"

"Kwani wewe ni raia wa wapi?"

Foleni ikasogea karibu kusikia. Bosi akamgeukia Jenerali.

"Basi mbwa abaki!"

"Haiwezekani. Kibali chake ulikisaini Jumatatu. Kukifuta kunahitaji kikao cha kamati, mwenyekiti wa kamati ni wewe, na wewe uko likizo."

Mkewe aliangalia saa, akamtazama mumewe, kisha akamtazama Jenerali, kama anayechagua nyanya.

"Baba watoto, sisi tunaondoka. Usiku ufunge geti vizuri, maana mbwa hayupo."

"Mke wangu! Wewe binti, naifuta hiyo kanuni sasa hivi!"

"Andika, bosi."

Akaandika nyuma ya fomu: Kanuni ya Saba imefutwa. Akasaini. Nikagonga muhuri kwa heshima zote, nikamkumbusha kwamba kwa waraka wake wa mwaka jana, badiliko lolote la kanuni huanza kutumika kesho yake asubuhi.

Saa kumi Jenerali alipaa, kwenye kiti cha dirishani, nasikia. Bwana wake alikuwa bado kaunta, akiomba kuonana na mkubwa wa idara.

Asubuhi kabla sijavua koti nilimpigia simu mwalimu. Ijumaa alisafiri na mbwa wake.

Sasa ni wiki ya tatu, na pasipoti ya bosi bado imo kabatini: aliwekwa dhamana kabla kanuni haijafutwa, na mbwa hajarejea. Mke wa Mkurugenzi ameandika kwamba Jenerali amependa hali ya hewa na wanaongeza muda. Nami nimeletewa barua ya nidhamu, nakala tatu, inayonitaka niombe radhi kwa maandishi kwa kumdhalilisha kiongozi mbele ya umma kwa kutumia kanuni zake.

Nimeisoma. Nimeielewa. Siombi.